Nani aliweka kitufe pale?

Tarehe 25 Septemba 2025 kampuni ya Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa mwaka 2023 na FTC, tume ya serikali ya nchi hiyo inayolinda wanunuzi. Dola bilioni 1 ni faini. Bilioni 1.5 ni pesa za kurudishiwa wateja wapatao milioni 35. Kampuni haikukiri kosa. Lakini jambo lililoshtakiwa linastahili kutazamwa kwa makini, maana halikuwa mali mbovu wala mzigo uliopotea njiani. Lilikuwa vitufe, yaani zile sehemu tunazozifinya kwenye simu au kompyuta ili jambo litendeke.

Kwa maelezo ya tume hiyo, mtu aliyetaka kununua kitu alikutana na kitufe cha kuonekana vizuri kilichomwingiza katika huduma ya kulipia, iitwayo Prime. Kukataa kulikuwa kazi, na hata maneno ya kukataa yaliandikwa kwa namna ya kumfanya mtu aone kama anakataa zawadi. Aliyekwisha kuingia na sasa anataka kutoka alipaswa kupita kurasa 4, kufinya mara 6, na kukutana na machaguo 15. Ndani ya kampuni, njia hiyo ya kutokea ilipewa jina la Iliad, utenzi mrefu wa Kigiriki cha kale kuhusu vita vya Troya. Aliyechagua jina hilo alijua kwamba safari ni ndefu.

Wasomaji wetu wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia hawanunui kitu Amazon. Kwa nini basi tuwaletee habari hii? Kwa sababu simu tulizo nazo mikononi zimejengwa kwa maarifa yale yale. Mahali kitufe kilipo, kuna mtu aliyeamua kiwe pale, na uamuzi wake unaanza kufanya kazi ndani yetu kabla sisi hatujaamua lolote. Huko Marekani hasara ilikuwa ya pesa. Kwetu mashariki hasara inaweza kuwa ya pesa, ya kura, na wakati mwingine ya uhai wa mtu.

Kidole kinafuata njia fupi

Jambo hili lina msingi wa kisayansi. Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alipima muda ambao mkono unatumia kufikia kitu fulani. Alionyesha kwamba muda huo unategemea mambo mawili: umbali wa kitu na ukubwa wake. Kilicho kikubwa na cha karibu kinafikiwa upesi. Kilicho kidogo na cha mbali kinachelewa, na mkono unakikosea mara nyingi. Wakati huo hapakuwa na simu za kugusa, lakini kanuni yake imekuwa chombo cha kazi cha wale wanaozichora kurasa za leo.

Mwaka 2013 mtaalamu mwingine, Steven Hoober, aliangalia watu 1,333 wakiwa na simu zao barabarani, ndani ya basi na mikahawani. Kati ya wale waliokuwa wakigusa kioo, karibu nusu walitumia mkono mmoja, na kidole gumba ndicho kilichofanya kazi. Kidole gumba kina mipaka. Kinafika chini na katikati ya kioo bila shida. Kufika pembe ya juu, ni lazima mtu ageuze mkono au atumie mkono wa pili. Kwa hiyo kitufe kilichowekwa chini, kikubwa, chenye rangi, ni kama embe lililo kwenye tawi la chini. Kile cha juu pembeni, chenye maandishi ya kijivu, ni embe la kileleni. Hakuna aliyekatazwa kulichuma, lakini wengi watachuma la chini.

Mama anayeuza nyanya sokoni Virunga au Kadutu anajua hilo bila kusoma kitabu. Anapanga nyanya nzuri juu na mbele, pale jicho linapoanguka kwanza. Hatumwiti mdanganyifu, maana mnunuzi anaweza kuinama, kugeuza, kuuliza na kwenda kwa jirani. Shida inaanza pale muuzaji anapofunga mlango wa kutokea.

Huko Ulaya sheria inadai kwamba tovuti iombe ruhusa kabla ya kumfuata mtu na kuandika anachosoma, anachonunua na anachotafuta. Ndiyo sababu kurasa nyingi zinafunguka na swali: unakubali? Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vya Aarhus, London na MIT walichapisha majaribio yao juu ya swali hilo. Walipoondoa kitufe cha kukataa kwenye ukurasa wa kwanza na kukisogeza ndani, kiwango cha waliokubali kilipanda kwa pointi 22 hadi 23 za asilimia. Jaribio lilikuwa la watu wachache, lakini maana yake ni nzito. Watu hao hawakuelezwa faida yoyote mpya, wala hawakubadili mawazo yao juu ya siri zao. Kilichobadilika ni kwamba kukataa kulihitaji kufinya mara nyingi zaidi, na wengi walikuwa na haraka ya kuendelea na shughuli zao.

Serikali ya Ufaransa ililichukua jambo hilo kwa uzito. Mnamo Januari 2022, CNIL, taasisi inayolinda habari za watu huko, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook. Sababu ilikuwa rahisi: kukubali kufuatiliwa kulihitaji kufinya mara moja, kukataa kulihitaji mara kadhaa. Kampuni zilipewa miezi mitatu kurekebisha, na euro 100,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Google ilitangaza kitufe kipya cha kukataa yote, kikianzia Ufaransa. Kumbe kitufe hicho kingeweza kuwekwa tangu mwanzo.

Watoto waliofinya bila kujua

Kuna kesi nyingine ambayo wazazi wanapaswa kuijua. Fortnite ni mchezo wa simu na kompyuta unaopendwa na vijana duniani kote, na vijana wetu wenye mega za kutosha wanaujua. Mnamo Desemba 2022 FTC ilitangaza kwamba kampuni yenye mchezo huo, Epic Games, italipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilihusu habari za watoto zilizokusanywa bila ruhusa ya wazazi. Milioni 245 zilihusu vitufe.

Tume ilieleza kwamba vitufe vya mchezo huo vilipangwa kwa namna ya kuchanganya. Mchezaji aliweza kukatwa pesa alipokuwa anajaribu tu kuuamsha mchezo uliolala, au alipotaka kutazama nguo ya mchezaji wake, kidole kikaangukia kitufe cha jirani ambacho ni cha kununua. Kwa muda mrefu watoto waliweza kununua bila mzazi kuulizwa. Malalamiko zaidi ya milioni moja yaliifikia kampuni, na wafanyakazi wake wenyewe walionya. Hata hivyo njia ya kudai pesa zirudi iliendelea kuwa ngumu kuiona. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu zaidi ya laki sita walianza kurudishiwa sehemu ya pesa zao.

Katika nyumba nyingi za kwetu, baba au mama alimpiga au kumkemea mtoto kwa sababu unite za simu zimeisha bila maelezo. Mtoto alisema, mimi sikununua kitu. Pengine alisema kweli. Kuna huduma za kulipia kila siku ambazo zinaingia kwa namba moja tu, na kuzitoa kunahitaji kukumbuka namba ndefu ambayo hakuna anayeijua. Mwenye simu anakatwa franga kidogo kidogo, na anadhani ni mtandao unaokula. Kabla ya kumhukumu mtoto, tutazame pia mkono wa yule aliyepanga vitufe.

Kosa linaweza kuja bila nia mbaya

Tusifikiri kwamba kila kitufe kilichokaa vibaya kina mwizi nyuma yake. Mfano unaojulikana sana ni wa karatasi ya kura, kabla ya simu hizi kuenea. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000, wilaya ya Palm Beach katika jimbo la Florida ilitumia karatasi yenye majina kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa katikati. Nia ilikuwa njema: kuyatawanya majina pande mbili ili herufi ziwe kubwa na wazee waweze kusoma. Lakini Al Gore, aliyekuwa wa pili upande wa kushoto, alikuwa na tundu la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, wa upande wa kulia.

Buchanan alipata kura 3,407 katika wilaya hiyo, na yeye mwenyewe alisema kwamba nyingi kati yake hazikuwa zake. Kura nyingine zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa mara mbili. George W. Bush alishinda jimbo zima kwa kura 537, na kwa jimbo hilo akapata urais. Afisa aliyetaka kuwasaidia wazee hakukusudia hayo. Alikosa tu kuijaribu karatasi pamoja na wazee wenyewe kabla ya siku ya kura.

Sisi Wakongomani tunapaswa kulisoma jambo hili polepole. Tangu tarehe 30 Desemba 2018 tunapiga kura kwa mashini yenye kioo cha kugusa. Ndugu zetu wa Beni na Butembo hawakuigusa siku ile, maana kura yao iliahirishwa hadi Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa. Mwaka 2023 mashini hizo zilitumika tena. CENI ilikuwa na hoja: mwaka 2011 karatasi za kura katika sehemu fulani zilikuwa kama kijitabu chenye kurasa nyingi, kwa wingi wa wagombea. Hoja hiyo si ya kupuuza.

Lakini kioo nacho ni ukurasa wenye vitufe. Mwaka 2018 wagombea wa urais walikuwa 21 kwenye orodha, mwaka 2023 walikuwa 26, na wagombea wa ubunge walikuwa wengi kuliko hao mara nyingi. Nani anakaa juu? Nani anakaa ukurasa wa kwanza, na nani anahitaji mtu asogeze kurasa? Kitufe cha kuthibitisha kiko wapi, na cha kurudi nyuma kiko wapi? Bibi ambaye hajawahi kushika simu ya kugusa, na nyuma yake kuna mstari mrefu wa watu wanaomhimiza, atafinya kilicho karibu. Akimwita mtu amsaidie, kura yake haina siri tena. Mwaka 2023 Kanisa la Kristo Kongo, ECC, pamoja na maaskofu wa CENCO, walituma waangalizi wao wa pamoja kwenye vituo vya kura. Kwa uchaguzi ujao, kazi ya namna hiyo ingeweza kuanza mapema zaidi, kwa kudai kwamba ukurasa wa mashini uonyeshwe watu na ujaribiwe pamoja na wazee, wasiosoma na wenye macho hafifu, miezi kabla ya siku yenyewe.

Kitufe kilichokaa karibu na picha

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa zaidi. Mwaka 2018 nchini India uvumi ulienea kwa WhatsApp kwamba wezi wa watoto wanazunguka vijijini. Moja ya video zilizosambaa ilionyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto. Kwa kweli ilikuwa sehemu ya filamu fupi iliyotengenezwa Karachi, Pakistan, ili kuwafundisha wazazi kulinda watoto. Mwisho wake, pale mtoto anaporudishwa na maelezo yanatolewa, ulikuwa umekatwa. Watu walioona kipande hicho walikiamini. Tarehe 1 Julai 2018, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, umati uliwaua wanaume watano wageni waliodhaniwa kuwa wezi wa watoto. Hawakuwa wezi. Mauaji kama hayo yalitokea pia sehemu nyingine za nchi.

Serikali ya India iliibana kampuni. Angalia WhatsApp ilifanya nini mwezi ule wa Julai. Haikuweza kusoma ujumbe wa watu ili kutenga ukweli na uongo, kwa kuwa ujumbe umefungwa. Basi iligusa vitufe. Huko India iliondoa kile kitufe cha haraka kilichokuwa pembeni mwa kila picha na video, ambacho kwa kufinya mara moja kilimpeleka mtu kwenye kuisambaza. Iliweka kikomo cha kutuma kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Ujumbe uliotoka kwa mwingine ulianza kuandikiwa alama kwamba umetumwa tena. Januari 2019 kikomo cha watano kilifika dunia nzima. Mnamo Aprili 2020, siku za Korona, ujumbe uliokwisha kupita mikononi mwa wengi uliruhusiwa kutumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara. Kampuni ilisema kwamba usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Tufikiri juu ya namba hiyo. Hakuna aliyekatazwa kusema. Aliyetaka kumpelekea kila mtu ujumbe ule aliweza bado, kundi baada ya kundi. Lakini kazi ilipoongezeka kidogo, sehemu kubwa haikuendelea. Hiyo ina maana kwamba wengi waliokuwa wakisambaza hawakuwa na hakika kubwa na ujumbe wenyewe. Walisambaza kwa sababu kitufe kilikuwa pale.

Sisi tunajua uvumi unavyoua. Wakati wa Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi wa Septemba. Mmoja kati ya wanne alisema kwamba ugonjwa huo si wa kweli. Mengi yalipita kinywa kwa kinywa, mengine kwa simu. Watumishi wa afya walishambuliwa, na Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutuhudumia, aliuawa Butembo. Tena katika siku za mapigano ya Januari 2025 Goma, wengi wetu tulipokea sauti zisizo na jina: daraja limekatwa, fulani ndiye aliyewaonyesha njia, kabila fulani liko katika mpango. Familia ziliamua kukimbia au kubaki kwa kusikiliza sauti hizo. Mtu aliyetajwa jina ndani ya ujumbe kama huo hana mahali pa kujitetea. Kabla hajajua kwamba ametajwa, sauti imekwisha kufika mitaa kumi.

Waliotuma wengi hawakuwa waovu. Walikuwa watu wenye hofu, wanaowapenda jamaa zao, na kidole gumba kilikuwa karibu na mshale wa kutuma mbele. Lakini wema wa nia haumfufui mtu.

Tufanye nini

Kwanza, tujifunze kutazama ukurasa kama tunavyomtazama muuzaji. Kitufe kikubwa chenye rangi ndicho mwenye ukurasa anachotaka. Kile unachotaka wewe kinaweza kuwa kidogo, cha kijivu, juu pembeni, au chini kabisa baada ya maneno mengi. Kabla ya kufinya neno "kubali", tafuta mlango wa kutokea uko wapi. Ukikosa kuuona, hiyo nayo ni habari.

Pili, katika makundi yetu ya WhatsApp ya kanisa, ya akina mama, ya vijana na ya kwaya, sisi wenyewe ndio wapangaji wa vitufe. Msimamizi wa kundi anaweza kuweka kwamba katika siku za hatari wasimamizi tu ndio wanaoandika. Hilo si kuwanyamazisha watu. Ni kurudisha ile hatua moja ambayo simu imeiondoa. Tunaomba pia kila mmoja azoee maswali matatu kabla ya kutuma mbele: nani amesema, aliona kwa macho yake, na nani ataumia kama si kweli? Ujumbe wenye jina la mtu au la kabila usipite mkononi mwetu bila jibu la maswali hayo.

Tatu, tuwasaidie wazee na watoto bila kuwaaibisha. Mzee anayefinya vibaya si mjinga. Kanuni ya Fitts inamhusu yeye kuliko sisi, maana mkono wake unatetemeka na macho yake yamechoka. Nusu saa baada ya ibada, kijana mmoja na wazee watano, inatosha kuwaonyesha jinsi ya kutazama huduma zinazowakata pesa na jinsi ya kuziondoa.

Nne, tudai haki. Nchi yetu ina Sheria ya Kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, yenye vifungu juu ya biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari za watu. Katika hali ya mashariki ya leo, tunajua ugumu wa kuipata ofisi ya kulalamikia. Lakini malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe, namba ya huduma na kiasi kilichokatwa, hayapotei bure. Katika kesi ya Epic pia walikuwepo watu wa kawaida waliochukua muda kulalamika. Makanisa ya mahali yanaweza kukusanya malalamiko hayo pamoja na kuyapeleka kwa jina la wengi.

Mwisho, nasi tunaowaongoza wengine tujipime. Fomu ya ahadi inayopitishwa mbele ya watu wote huku jina la kila mtu likisomwa, sanduku lililowekwa pale ambapo hakuna anayeweza kupita bila kuonekana, swali linaloulizwa kwa namna ambayo kusema hapana ni aibu: hivyo navyo ni vitufe, na ni sisi tuliovipanga. Mtu atoe kwa kutaka. Akitaka kukaa kimya, apate nafasi ya kukaa kimya bila kutafuta njia ya kurasa nne.

Kamati za makanisa zinazopanga mafundisho ya vijana kwa miezi ijayo zinaweza kuliweka somo hili kwenye orodha. Halihitaji mashini wala umeme. Simu moja, watu kumi, na swali moja juu ya kila ukurasa unaofunguliwa: nani aliweka kitufe hiki pale, na kwa faida ya nani?